Siku Ishirini na Moja za Mdomo

Leo ni siku ya ishirini na moja. Msiniulize ya mwezi gani. Katika mji wetu kalenda zilishakusanywa zote, zikatiwa magunia, zikapelekwa kusikojulikana, na mtu akitaka kujua yuko wapi katika maisha yake anahesabu kwa alichonacho. Jirani yangu Bi Chausiku anahesabu kwa vitunguu: kikichipua, anajua wiki imepita. Mzee Shaweji, kinyozi wa pale kona, anahesabu kwa ndevu za wateja. Mimi nahesabu kwa samaki. Jike akishaokota mayai yake na kuyafumba mdomoni, hiyo ndiyo siku ya kwanza. Halafu hali, hatafuni, anazunguka tangini na kidevu kilichotuna kama mtoto aliyeficha andazi shavuni, na siku ya ishirini na moja anafumbua, wana wanatoka wazima wazima, wanaogelea. Huo ndio mwezi wangu.

Na leo ni siku ya ishirini na moja tangu dada yangu Mwavita aache kula na kusema. Amekaa pale, kwenye kiti cha kando ya tangi langu la kioo, kajitanda kanga, mikono mapajani. Alfajiri anakunywa maji ya uji, basi. Watu wa kichochoro chetu wanasema ni majonzi, kwa sababu binti yake wa pekee, Yohari, amechukuliwa. Wanasema kuna mtu aliyetaja mahali alipojificha, na mtu huyo alaaniwe yeye na kizazi chake. Mimi naitikia amina. Naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mtu huyo ni mimi.

Nyinyi nimewaambia. Mnaona ilivyo rahisi? Ni mimi. Maneno mawili, hata mtoto anayeota meno anaweza kuyatamka. Lakini yeye sijamwambia. Siku zote hizi napita mbele ya kiti chake na sahani ninayojua hataigusa, nasema, "Dada, jikaze, kula hata tonge moja," kwa sauti ya ndugu mwema. Nikirudi jikoni ile sahani naila mimi. Naam, naila nimesimama, haraka haraka, nimeupa mlango mgongo. Nimenenepa katika msiba nilioutengeneza mwenyewe, mpaka suruali inanibana. Naona haya kuwaambia hata hilo, ila nimeamua leo niwaambie nyinyi kila kitu, kwa kuwa nyinyi hamna macho ya kunitazama nayo.

Mdomo ni nini? Swali hili nimeishi nalo mbele ya kioo kwa miaka ambayo siruhusiwi kuihesabu. Wengi wanasema mdomo ni mlango: vya nje vinaingia, vya ndani vinatoka. Samaki wangu wanasema hapana, ni chumba. Humo kuna wanaokaa, wanaokua, wanaoota macho na mkia gizani, na mwenye chumba anavumilia njaa ili wao wapate nafasi ya kugeuka. Kama ni mlango, anayeufungua anaweza kuwa mgeni tu aliyepiga hodi. Kama ni chumba chenye watu waliolala, anayekifungua kwa nguvu ana jina lake, na jina hilo si zuri. Mimi nilishikilia kwamba ni mlango. Nilijiona nina ufunguo, na nilitamba nao.

Ngoja niwaeleze kosa la Yohari, maana bila hilo hamtalijua langu. Redio yetu hufungua kila asubuhi kwa maneno yaleyale: Habari za asubuhi, huu ni mwaka wa kwanza. Ilisema hivyo nilipokuwa na nywele nyeusi, na inasema hivyo sasa ninapochana mvi. Mkuu wetu yumo katika mwaka wake wa kwanza, na mtu wa mwaka wa kwanza halaumiwi, ndiyo kwanza anaanza, mpeni nafasi. Tumempa. Tumezaa na kuzika ndani ya mwaka huo mmoja. Lakini Yohari ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wana tabia ya kupima. Kuna mshonaji aliyemfundisha kazi, na mwingine aliyemfundisha yule, na wote walikuwa wakitia mshono mmoja kila siku kwenye pindo la pazia: mwekundu kwa siku, wa buluu kwa mwezi, wa njano kwa mwaka. Yohari alilirithi pazia, akaendelea. Asubuhi moja alichukua chaki ya kukatia nguo, akaenda kwenye ukuta wa ofisi ya maji, akaandika tarehe. Tarehe tu. Hakutukana mtu wala hakuchora kitu. Siku, mwezi, na mwaka: wa thelathini na mbili.

Watu walisimama pale wakaanza kujumlisha na kutoa kwa vidole. Mzee Shaweji aligundua kwamba ana miaka sabini, akaketi chini katikati ya barabara na mkasi wake mkononi. Mwanamke mmoja aligundua kwamba mume wake aliyesafiri juzi hajarudi kwa miaka kumi na tisa, na ukelele aliopiga, ukipita pale jua likiwa kali, mpaka leo unausikia. Ukuta ulipakwa chokaa kabla ya adhuhuri, na Yohari alikuwa ametoweka kabla ya chokaa kukauka. Mahali alipojificha palijulikana na mama yake peke yake.

Ndipo akaja Bwana Mpimaji. Alisema anapima maji ya majumbani, na kweli alikuwa na kijiti chenye alama. Uso wake haukutulia. Mara ya kwanza alikuja na uso wa kijana msomi. Mara ya pili alikuja na uso wa marehemu baba yangu, umenyolewa vizuri. Mara ya tatu alikuja na uso wangu, na sikushtuka, niliona tu kwamba unamkaa yeye vizuri kuliko unavyonikaa mimi. Sauti ndiyo iliyokuwa moja siku zote, ya upole, ya mtu anayekusubiri umalize kutafuna.

Siku ile ya kwanza alichutama mbele ya tangi. Sasa sikilizeni: hakuna mtu aliyewahi kuchutama mbele ya tangi langu. Majirani husema, Feruzi, samaki hawa hawaliwi, wa nini? Yeye alichutama mpaka magoti yakalia.

"Huyu mbona kidevu kimemvimba?" aliuliza.

"Ana wana mdomoni, bwana."

"Usinitanie!"

"Haki ya Mungu. Leo siku ya kumi na tisa."

"Na anakula?"

"Hali kitu. Akila atawameza."

"Na akiogopa?"

"Akiogopa sana atawameza vilevile, au atawatema kabla ya wakati wao. Ndiyo maana sisi wafugaji huwa tunawatoa wenyewe."

Sisi wafugaji! Mji mzima mfugaji ni mimi. Lakini yeye aliinua uso akanitazama kama ninavyotamani kutazamwa tangu nizaliwe. "Unawatoaje, mzee wangu? Hebu nione."

Hakunitisha. Hakunipa kitu. Laiti angenitisha, leo ningekuwa na la kusema mbele za watu. Nililowesha mikono, maana mkono mkavu humchubua samaki. Nikamtia jike wavuni, nikamshika juu kidogo ya bakuli la maji, kichwa kikielekea chini, na kwa ncha ya unyoya wa kuku nikaibonyeza taya ya chini, taratibu, taratibu, kama unavyomfungua mtoto mdomo umpe dawa. Siri ya kazi ni hii: usivute. Ukivuta atakaza. Mshikilie tu, mpe mahali pa kuegemea, na atafumbua mwenyewe akidhani ni hiari yake. Akafumbua. Wakamwagika bakulini wana thelathini na kitu, na Bwana Mpimaji akapiga makofi.

"Na haumii?"

"Haumii. Ukijua kushika, hata hajui kwamba amenyang'anywa."

Hayo niliyasema kwa kinywa changu. Kisha nikatazama bakulini vizuri, nikaona wana hawaogelei. Kila mmoja alikuwa na kiini cha njano kimemning'inia tumboni, kizito kuliko yeye, na walilala ubavu wakitikisa vimikia visivyowafikisha popote. Nilikuwa nimekosea hesabu. Haikuwa siku ya kumi na tisa, ilikuwa ya kumi na moja. Mgeni alikuwa pale, sifa zilikuwa pale, na mfugaji anayetaka kusifiwa huona siku anazotaka kuziona. Nilifunika bakuli kwa sahani ili mgeni asione. Kesho yake walikuwa wamekufa wote.

Kuna jambo moja la hawa samaki ambalo nimeliona mara nyingi na kulicheka. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini, yamechorwa sawasawa na mayai. Jike akishaokota mayai yake, anayaona yale madoa na kudhani kuna mengine yamebaki. Anayafuata ayadokoe, na hapo ndipo dume anapompa alichokuja kumpa. Nilikuwa nikisema, maskini, kiumbe mjinga, anafungua mdomo kwa ajili ya picha! Sasa sicheki. "Una mkono mwepesi, Mzee Feruzi," alisema Bwana Mpimaji akiaga. "Sijaona mkono kama huo mji huu." Nilitembea na maneno hayo siku nzima, nayarudia chini chini hata nikiwa chooni.

Na kesho yake nikaenda kwa dada.

Sikutumwa, mniamini au msiniamini. Nilijiambia dada amekonda, ana neno limemvimba, na neno likikaa sana kinywani huliwa na mwenyewe, likamuua. Nilijiambia namsaidia. Nilimkuta anachagua mchele. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu, karibu." Nikapika chai mimi, ya tangawizi, kama alivyokuwa akiipika mama. Nikakaa karibu. Sikumwuliza kitu. Nikaushika mkono wake, mkono wangu ukiwa na joto la kikombe, nikamwacha aegemee. Nikasema tu, "Dada, mzigo wa mtu mmoja huvunja mgongo." Nikanyamaza. Aliendelea kuchagua mchele kidogo, punje moja moja, halafu mkono ukasimama, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Yuko juu ya dari ya ghala la pamba, Feruzi. Nampelekea chakula Ijumaa." Akalia. Akasema ahsante! Akasema, "Ahsante, mdogo wangu, nimepumua." Mimi nilikuwa nikihisi kitu kifuani, na sikukipa jina lake siku ile. Kilikuwa fahari ya fundi.

Bwana Mpimaji aliporudi mara ya tatu, na huo ndio ule uso wangu aliouvaa, hakuuliza habari za dada wala za Yohari. Aliuliza habari za wale wana. Nikasema wanaendelea vizuri. Alipochungulia bakuli likiwa tupu, nikaona atanidharau, na sikuweza kuvumilia kudharauliwa na yeye. Nikasema, "Samaki si kitu, bwana. Hata watu wazima hufumbuka, ukijua kushika."

"Kweli?"

"Kweli. Juzi tu nimemfumbua dada yangu."

Akachutama, safari hii mbele yangu, na uso wangu usoni mwake. "Hebu nione," akasema.

Basi nikamwonyesha.

*

Nikikaa sana mbele ya kioo sijui niko upande gani. Huwa nasikia hivi, na sauti ni yangu, au si yangu:

Nimefumba. Nimebeba. Mkono umekuja, una maji, nikaudhani ni maji. Mkono umenishika vizuri. Hakuna aliyewahi kunishika vizuri hivyo.

Sasa kinywa ni kitupu.

Bado nakifumba.

Nikikifumbua nitajua. Nikikifumba hawajaondoka. Chakula kinapita, mbele ya jicho langu kinapita, sikitaki. Niko siku ya ngapi? Aliyehesabu alihesabu vibaya. Mimi sikuhesabu, mimi nilikuwa nakaa nao tu.

Ndivyo alivyofanya yule jike niliyemnyang'anya. Siku kumi nzima alibaki amefumba kinywa kisicho na kitu, amekaa kona ya tangi, amekonda mpaka mgongo ukawa wembe. Na ndivyo anavyofanya dada yangu sasa, nilidhani. Ndiyo maana siwezi kutazama kiti kile na tangi lile kwa pamoja. Nikitazama kimoja, nafumba jicho la upande wa pili.

*

Sasa njooni kwenye leo. Yohari aliposhushwa kutoka darini, watu wa kichochoro walianza kuulizana nani aliyesema. Nani alikuwa akiingia kwa Mwavita? Wakaniuliza na mimi, kama ndugu. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Mimi simsemi mtu. Ila Bi Chausiku alikuwa hatoki pale." Sikusema uongo. Kweli alikuwa hatoki pale, alikuwa akimpelekea mchicha. Yule bibi anacheka na kila mtu, anakohoa kwa moshi wa jiko lake, ana meno matatu na hana ubaya hata wa kumfukuza kuku wa mtu. Kuanzia siku hiyo wanawake wakaacha kumpa kaa la moto. Akisalimia, wanatazama paa.

Kichochoro chetu kina desturi. Neno likivuja, hatuendi kwa hakimu, tunasukutua. Beseni huletwa mbele ya aliyedhulumiwa, na kila mtu hupiga funda la maji, akakaa nalo kinywani watu wakihesabu mpaka saba, kisha akalitema ndani ya beseni na kusema, "Sikusema." Watu wanaamini kwamba aliyesema hawezi kuyatema, maji yatashuka yenyewe kooni. Na akipatikana, mlango wake hupigiliwa misumari siku hiyohiyo, aondoke na alichovaa. Beseni hushikwa na ndugu wa damu wa aliyedhulumiwa, na mshika beseni hasukutui. Nani atamshuku ndugu? Kwa hiyo leo, baada ya adhuhuri, ua umejaa watu, dada ametolewa na kiti chake akawekwa kivulini, na beseni nimelishika mimi.

Walikuja mmoja mmoja. Mzee Shaweji ndiye aliyehesabu, kwa sauti ya adhana, maana ndiyo hesabu pekee iliyobaki halali mjini. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, pwaa! "Sikusema." Mwingine. Pwaa! "Sikusema." Beseni likawa zito, maji ya vinywa vya watu wasafi yakinirukia mikononi, yakiwa na tambuu, yakiwa na harufu ya vitunguu, na kila aliyetema alinipa pole. "Pole sana, Feruzi." "Mungu atamfichua, Feruzi." Nilisema amina. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilikuwa naangalia beseni lisiiname, kazi isije ikaharibika. Mtu ni kiumbe wa ajabu.

Akafika Bi Chausiku. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Akapiga funda, akafumba, akanikonyeza kama anavyofanya siku zote, akisema kwa jicho kwamba mambo haya nayo yanachekesha. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kwenye tano kifua kikamkaba, mabega yakaruka, akajizuia, akajizuia, na koo likapanda na kushuka. Ua mzima uliliona. Alipofungua mdomo kukohoa, haukuwa na hata tone.

"Ameyameza!"

"Kikulacho ki nguoni mwako!" alipiga kelele Mzee Shaweji, akatupa kofia chini. "Leteni nyundo!"

"Kikohozi, jamani!" Bi Chausiku alikuwa analia na kukohoa kwa pamoja. "Ni kikohozi tu! Feruzi, baba, waambie. Wewe unanisikia kila asubuhi nikikohoa. Waambie!"

Nilikuwa nasikia kila asubuhi. Kila asubuhi ya Mungu. Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu, wazi kama uwanja uliofagiwa, na maneno yalikuwa mawili tu. Nilitazama beseni. Nilitazama mapovu yake yanavyopasuka pembeni. Mtu mmoja alishaleta misumari.

"Bado mmoja."

Sauti ilikuwa kavu, kama mlango wa stoo. Watu waligeuka kutafuta aliyesema, na wa mwisho kugeuka nilikuwa mimi, kwa kuwa mimi niliitambua. Dada yangu alikuwa amesimama. Siku ishirini na moja, na amesimama bila kushikwa.

"Nani, mama?" aliuliza Mzee Shaweji.

"Mshika beseni."

"Mshika beseni hasukutui, Mwavita. Ndiyo desturi."

"Najua desturi," alisema dada. Akachota maji mwenyewe kwa kikombe cha bati, akatembea polepole mpaka mbele yangu, akaninywesha kama nilivyokuwa nikinyweshwa na yeye nilipokuwa na miaka mitatu na homa. Macho yake hayakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniogopesha. Yalikuwa yanangoja.

Moja, akaanza Mzee Shaweji. Maji yalikuwa ya baridi, ya mtungini. Mbili. Nikajua mambo matatu kwa mpigo: kwamba maji hayajui kitu, ni maji tu, kwamba nikiyameza kwa hiari mbele yao, Bi Chausiku anarudi nyumbani na mimi naondoka na nilichovaa, na kwamba dada ananiambia kitu kwa macho, nacho ni, fanya. Tatu. Nne. Mashavu yalinituna. Nilikuwa na neno ndani, zima, limeshaota macho na mkia, siku yake imetimia na hesabu safari hii ilikuwa sahihi. Tano. Nikafikiria mlango wangu ukipigiliwa misumari. Nikafikiria watu wakisema, yule Feruzi. Sita. Bi Chausiku alikuwa ameshika kifua akinitazama kwa matumaini. Saba.

Nikatema. Yalitoka vizuri, kwa mstari ulionyooka, hata hayakurashia nguo.

"Sikusema," nikasema.

Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mzee Shaweji akasema, si mmeona, damu ni damu. Dada hakusogea.

"Hukusema?"

"Sikusema, dada."

"Haya," alisema. Akawageukia watu. "Wekeni nyundo chini. Mahali alipokuwa mwanangu nilimwambia mtu mmoja tu chini ya jua. Nilimwambia huyu."

Mtu alilichukua beseni mikononi mwangu, akaliweka chini, bila kunigusa vidole.

"Walimpitisha mlangoni kwangu, mikono nyuma," dada alisema, akiongea na mimi sasa, taratibu, sauti ikirudi kidogo kidogo. "Walimwacha aseme neno moja. Nilidhani ataniaga. Akasema, mama, uliniambia anayejua ni mjomba pekee, basi ni yeye, usimchukie. Akikiri mwenyewe, siku yoyote ile, mwambie nimemsamehe. Hilo ndilo nililokaa nalo, Feruzi. Niliapa sitakula wala sitasema lolote jingine mpaka nikufikishie. Nikaja nikakaa nyumbani kwako, ili usipate taabu ya kunitafuta. Kila ukija na sahani nilikuwa nasema moyoni, sasa atasema."

"Dada," nikasema. "Dada, ni mimi."

Lilitoka. Ona lilivyotoka, bila unyoya, bila kushikwa, mbele ya kichochoro kizima. "Ni mimi, nilisema, ni mimi!"

Alinitazama muda mrefu, na mara ya kwanza tangu tuzaliwe nilimwona dada yangu akinionea aibu, aibu ya mtu anayemwona mwenzake uchi akashindwa kuangalia pembeni.

"Hilo nimeshalisema mimi," akajibu. "Salamu si zangu, ni za mwanangu, na aliweka sharti. Sina ruhusa ya kukupa."

"Basi nipe zako wewe."

"Zangu sina."

Akamgeukia Bi Chausiku, akamfuta machozi kwa pindo la kanga. "Kwako kuna nini cha kula?"

"Ugali wa mchana, mama. Na mlenda. Umepoa."

"Twende."

Wakaondoka wameshikana, hujui ni yupi anayemkongoja mwenzake. Watu wakawapisha. Kisha wakaondoka na wao, mmoja mmoja, hakuna aliyenitukana, hakuna hata aliyetema chini. Misumari waliiacha juu ya kizingiti changu, na nyundo pembeni yake. Nadhani wameniachia niipigilie mwenyewe.

Nimekaa uani. Kwa Bi Chausiku mlango wameuacha wazi, na nasikia sufuria ikifunuliwa, kijiko kikikwaruza, kikohozi, kisha kimya cha watu wanaotafuna. Halafu nikamsikia dada yangu akiomba aongezewe.